Chanuo la Mama Faith

Nimemaliza matibabu, nywele zimerudi, na bado nina hasira. Nasema hivyo mapema ili anayetafuta habari za mgonjwa aliyetoka hospitalini akiwa mpole kama njiwa ajue amebisha mlango usiofaa. Ninamwandikia mama anayenyonyesha ambaye leo ana kitu kigumu kifuani na watu wanamwambia ni maziwa. Tena ninaandika kwa sababu kuna mtu mmoja hapa mtaani Rhonda ninayetaka aseme kwa mdomo wake, mbele ya wamama wale wale, alichonifanyia mimi na mtoto wangu. Sitaki zaidi ya hilo, na sitachukua pungufu.

Mtoto wangu anaitwa Nekesa. Kwetu jina hilo hupewa msichana aliyezaliwa wakati wa mavuno, ingawa sisi hapa Nakuru tunachovuna ni sukuma wiki iliyopandwa kwenye gunia. Alipoanza kukaa bila kuegemezwa nilijiunga na kikundi cha wazazi na watoto wachanga kilichokutana kila Jumanne katika ukumbi wa kanisa karibu na nyumba. Kikundi kilikuwa kizuri, siwezi kukisingizia. Tulitandika mikeka tukakaa duara, kila mama na mwanawe katikati ya miguu yake. Vitu vya kuchezea tulijitengenezea: chupa za plastiki zenye mahindi ya kutikisa, vifuniko vya soda kwenye kamba, magunzi yaliyovalishwa vitambaa. Tulijifunza kumwongelesha mtoto hata kabla hajaweza kujibu, kumwonyesha kitu na kukitaja, kucheza naye "shika" na "nipe" mpaka aelewe kwamba kitu kikitoka mkononi mwake kitarudi. Mwishoni kulikuwa na wimbo wa kuagana. Jina la kila mtoto liliimbwa kwa zamu, na likifika la mwanao unamwinua juu wote wanapiga makofi. Nekesa alipotimiza mwaka alikuwa anainua mikono mwenyewe kabla hatujamfikia.

Aliyetuongoza ni Mama Faith, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kujaza ukumbi bila maikrofoni. Alikuwa amelea watoto wake wakakua wakaondoka, na kwa sababu hiyo aliamini hakuna jambo la mtoto ambalo hakulijua. Katika mkoba wake kulikuwa na Biblia, kitambaa cha kufuta makamasi na chanuo la mti. Chanuo hilo halikuwa la nywele. Yeyote aliyelelewa na bibi wa bara anajua kazi yake. Husemwa kwamba mtoto akipiga mbweu huku titi liko mdomoni, ile hewa huingia ndani na titi linavimba. Basi mama anachanwa kuelekea chini, polepole, mpaka maziwa yatembee. Mara nyingi titi huwa limejaa tu, na hupungua lenyewe, na chanuo linapewa sifa.

Siku nilipomwonyesha uvimbe wangu ilikuwa kiangazi, watu wakitayarisha mashamba.

"Mama Faith, kuna kitu hapa kando. Hakiumi, lakini hakiondoki."

Akabonyeza kwa vidole viwili. "Aah, hii ni Nekesa amekupigia mbweu kwa titi. Toa blauzi tuchane."

Alinichana pale pale mkekani, wamama wakiendelea kuimba, Nekesa akivuta mkufu wa jirani. Mvua ikaja, mahindi yakaota, yakapaliliwa, na mimi bado nachanwa kila Jumanne. Kilichokuwa kama punje ya maharagwe kilifika ukubwa wa ndimu. Ngozi ya juu ikaanza kuvutwa ndani. Nikamwambia nafikiria kwenda hospitali.

"Uende uwaambie nini?" akauliza, kwa sauti ya kusikika na wote. "Maziwa haipelekwi hospitali, mama. Watakukata bure na mtoto akose kunyonya. Ama wewe ndio wa kwanza kunyonyesha hii Nakuru?"

Wamama wakacheka. Mama Faith akanipiga begani kwa upole, akarudisha chanuo mkobani, akaanzisha wimbo wa bata. Najua mtasema alifanya alichokijua. Subirini kidogo.

Aliyeniokoa ni muuguzi wa chanjo. Nilimpeleka Nekesa kudungwa sindano ya surua ya mara ya pili, akalia, nikamtolea titi ili anyamaze. Muuguzi alikuwa akisokota pamba. Akaacha.

"Dada, hiyo imekaa hivyo tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Na ni nani amekuwa akiiangalia?"

Nikamweleza habari za chanuo. Hakunicheka wala hakunigombeza. Alimwomba mwenzake ashike foleni, akanitembeza mwenyewe mpaka getini na kunionyesha pikipiki. "Uende leo," akasema. "Usipitie nyumbani kupika."

Majibu ya kipimo yalitoka ule mwezi wa baridi, wakati Nakuru nzima inavaa masweta mpaka saa sita. Daktari alisema saratani, akaendelea kuzungumza, lakini mimi nilikuwa namsikiliza mtu wa usafi akikokota ndoo nje kwenye korido. Nilitaka amalize kukokota ile ndoo. Alipomaliza, daktari naye alikuwa amemaliza, ikabidi aanze upya.

Mume wangu, Barasa, anafanya kazi kwenye shamba la maua upande wa Naivasha na hurudi Jumamosi. Nilipomwambia, neno lake la kwanza lilikuwa, "Sasa mtoto atanyonya nini?" Nilimkasirikia kiasi cha kumlaza sebuleni. Asubuhi nilimkuta akirekebisha mlango uliokuwa ukiburuta sakafu tangu tuhamie. Jumamosi iliyofuata akatengeneza dirisha, kisha kamba ya kuanikia, kisha kiti cha jirani. Mwanamume huyu hana maneno, na kwa muda mrefu nilimlaumu kwa hilo. Wakati huo sikutaka dirisha, nilitaka anishike. Tulikuja kuambiana hayo baadaye, tukiwa tumechoka wote wawili, na alilia akiwa ameshika bisibisi.

Mama yake akaja kutoka Bungoma na kuku wawili na maneno mengi. Tunamwita Kukhu, yaani bibi. Niliogopa kuja kwake kuliko dawa, kwa sababu ni mtu wa kuchungulia sufuria za watu. Alipofungua blauzi yangu akaona, alikaa chini kitandani.

"Mwanangu, hata mimi ningechana," akasema. "Lakini singechana mara ya pili. Mtu huona."

Nilimpenda siku hiyo.

Kabla ya dawa ilibidi Nekesa aachishwe titi. Wenye kuandika vitabu husema uachishe polepole. Mimi nilipewa wiki. Nilipaka mwarobaini. Akalamba, akakunja uso, akanitazama kwa muda, kisha akalamba tena, maana aliona afadhali uchungu kuliko kukosa. Kukhu alimbeba mgongoni akazunguka naye Rhonda yote huku mimi nimefunga mlango, maziwa yakinitoka, nikilia kwa hasira. Nilimuwazia Mama Faith ameketi mahali anakunywa chai. Kama chanuo lingeachwa mkobani mwezi wa tatu, labda ningemwachisha mwanangu kwa wakati wetu wenyewe.

Dawa ya kwanza niliipata wakati mahindi ya kuchoma yamejaa kando ya barabara. Ilikuwa nyekundu, inashuka polepole kwenye mshipa, na baadaye hata mkojo hutoka na rangi yake. Sitaeleza inavyofanya kazi. Nitasema tu kwamba maji yalinuka chuma, ugali ulinuka chuma, na kucha zangu zilikuwa nyeusi kama za fundi wa gereji. Mdomo ulijaa vidonda. Siku moja Nekesa alikuwa mapajani akichezea nywele zangu, na kishungi chote kikabaki mkononi mwake bila kuvutwa. Akakitazama. Kisha akaninyooshea, "Shika," kama tulivyomfundisha. Nilikipokea. Nikamwambia asante.

Mahali pa kungojea dawa pana mabenchi ya mbao na televisheni inayoonyesha tamthilia ambayo hakuna anayejua ilianzia wapi. Unafika mapema, unapimwa damu, unangoja kuambiwa kama damu inatosha. Isipotosha unarudi nyumbani na mkoba wako wa chupa ya uji. Hapo ndipo nilipojuana na Wambui, mkulima wa viazi kutoka Longonot, mama mwenye kicheko cha kukohoa. Aliniona nimeuma meno.

"Unamkasirikia nani, mama?"

Nikamsimulia. Akasikiliza yote, akinimenyea yai.

"Mimi niko na shemeji," akasema. "Aliambia watu nimerogwa ili apewe shamba yangu alime. Nimeapa sitakufa kabla nimwone akitoka huko na jembe yake. Kwa hivyo nakula. Kula wewe. Hasira ni dawa nzuri sana, lakini haiendi na tumbo tupu."

Nikala lile yai. Nilikuwa nimekataa kila kitu cha Kukhu kwa siku kadhaa, nikala la Wambui. Mtu akikuambia usiwe na kinyongo ukiwa mgonjwa, mwambie kinyongo ndicho kilichonishikia kijiko.

Sasa nafika kwenye kosa lenyewe. Nilipokuwa sina nguvu za kutoka, Kukhu alimpeleka Nekesa kikundini siku za Jumanne, kwa sababu mtoto alikuwa ameanza kuongea na nyumba yetu ilikuwa imejaa minong'ono. Alirudi wiki moja, ya pili, hakusema kitu. Wiki ya tatu aliingia, akamweka Nekesa chini, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

"Kukhu, nini?"

"Hawamwimbi."

"Nani?"

"Huyu. Wanaimba watoto wote, wakifika kwake wanaruka. Ameinua mikono. Ameinua tu hivi, amengoja. Wameenda kwa mtoto mwingine. Nikauliza yule mama mkubwa, akaniambia eti ugonjwa wa mamake uko kwa maziwa, na maziwa iko kwa mtoto, na wazazi wanaogopa. Ati tukae kando na mkeka yetu."

Nikauliza kama Nekesa alilia. Kukhu akasema hapana, alishusha mikono akatazama vidole vyake.

Baadaye nilijua mengine. Mama Faith aliwaambia wamama kwamba nilificha ugonjwa, kwamba nilijua siku nyingi na bado nikauleta karibu na watoto wao. Yeye mwenyewe, aliyeubonyeza uvimbe kwa vidole vyake kuanzia kiangazi mpaka palizi! Aliniombea kwa jina hapo ukumbini ili Mungu anisamehe kwa kuficha. Kwa chanuo ningeweza kumwelewa. Lakini alipojua amekosea, alitafuta pa kuliweka kosa, akaliweka kwangu, na kilichobaki akakiweka juu ya mtoto ambaye alikuwa hajajua bado kusema "maji."

Niliapa kurudi katika ule ukumbi kwa miguu yangu. Kila sindano niliihesabu kama hatua ya kuelekea mlango ule.

Titi liliondolewa Januari, ule wakati wa upepo unaopeperusha vumbi la magadi kutoka ziwani mpaka kwenye meno. Niliamka nimefungwa kifua upande mmoja, mrija ukining'inia kando. Nekesa aliletwa siku ya tatu. Alinyanyua shuka, akatafuta mahali pake, akakuta bendeji, akaipuliza. Muuguzi wa zamu ilibidi atoke. Barasa alinishika mkono, akashika kweli, hakutafuta cha kutengeneza.

Kisha ikaja mashine ya mionzi, kila siku ya kazi, mvua ikinyesha na mimi nimelala kwenye kitanda baridi nimeinua mkono. Ngozi iliungua ikawa kama ya mtu aliyelala juani. Mkono wa upande ule ulivimba, nikajifunza kufua kwa mkono mmoja na kugombana kwa mwingine. Wambui alimaliza kabla yangu. Siku yake ya mwisho aliniletea viazi kwenye mfuko, akaninong'oneza kwamba shemeji ametoka shambani. Alikuwa anang'aa kama bibi harusi.

Nilipoambiwa nirudi tu kuangaliwa baada ya miezi, nilikwenda nyumbani, nikalala, na Jumanne nikavaa gauni linalonibana kifuani. Sikuweka kitambaa upande mtupu. Kukhu aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia avae viatu.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mama Faith aliniona mlangoni akafungua mikono yote miwili. "Mama Nekesa, karibu, karibu. Mungu ni mwema. Tumekuwa tukikuombea."

"Nimesikia," nikasema. "Nimekuja kusema kidogo."

Nilisimama katikati ya mikeka nikawaeleza. Nilisema uvimbe ulianza lini, nani aliushika, nani alinikataza kwenda hospitali na kwa maneno gani. Nilisema saratani haiambukizi, haiendi kwa mtoto kwa kukaa mkeka mmoja. Nilipofika mahali pa Nekesa kuinua mikono, sauti ilinitoka vibaya. Mama Faith akaona nafasi, akapiga makofi na kuanzisha wimbo wa bata ili kunifunika. Wachache walimfuata. Mama Liam, msichana mdogo aliyekuwa na mtoto wa miezi minne, akaacha kupiga makofi.

"Wacha amalize, mathe," akamwambia Mama Faith.

Wimbo ukafia njiani. Nikamgeukia Mama Faith. "Nataka kitu kimoja. Sema hapa hapa kwamba ulikosea. Nitaketi tuendelee."

Akatabasamu kwa wamama. "Mama Nekesa bado ni mgonjwa. Dawa zile hupanda kichwa."

Basi. Nikawaambia wenzangu kwamba Jumanne ijayo uwanja wangu utakuwa wazi, una kivuli na maji ya mfereji, na kila mtoto ataimbwa. Nikatoka.

Jumanne hiyo walikuja wanne. Iliyofuata walikuja zaidi. Mwezi wa nane mikeka haikutosha, tukatandika magunia. Kila mkutano unaanza na mama kujishika mwenyewe kifuani, huku watoto wakitikisa chupa zao, na anayekuta kitu tunamsindikiza hospitali siku hiyo hiyo bila kupitia nyumbani kupika. Mama Liam alikuta. Kwake yalikuwa maziwa kweli, na daktari alimwambia hivyo, na tulimpigia makofi kana kwamba ameshinda uchaguzi. Hata nawe unayesoma, ikiwa ni maziwa, aliyesomea na akuambie.

Sitadanganya kwamba nilifanya haya kwa upendo tu. Kila Jumanne nilimtuma Kukhu apite mbele ya ukumbi kana kwamba anakwenda dukani. Aliporudi nilimuuliza kabla hajavua leso.

"Wako wangapi?"

"Ako yeye na mikeka."

Chai ya siku hiyo ilikuwa na utamu ambao sukari haileti. Kasisi mmoja alikuja kuniambia kisasi ni cha Mungu. Nikamjibu kwamba sijamnyang'anya, namshikia tu mpaka atakapokuwa na nafasi.

Kisha, Jumanne moja ya mawingu, nikasikia geti likigongwa. Alikuwa Mama Faith, amebeba mjukuu wake Ryan. Mtoto huyo ni wa Faith mwenyewe, ambaye amepata kazi mbali akamwachia mama yake amlee. Alikuwa na mwaka na zaidi kidogo, hatamki chochote, kwa sababu nyumba ile ilikuwa kimya. Wamama wote waliacha walichokuwa wakifanya. Kukhu akaweka mikono kiunoni. Walikuwa wananitazama mimi, na nilijua wanachotaka kuona, kwa sababu nami nilikuwa nimekiona akilini mara nyingi nikiwa kwenye benchi ya dawa: mtoto wake ameinua mikono, na sisi tunampita.

"Mama Nekesa," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Kama kuna mahali nilikukosea, tusameheane. Huyu mtoto anahitaji wenzake."

"Mahali unapajua," nikasema. "Pataje."

Akatazama viatu vyake. Akatazama wamama. Tulingoja sana, mpaka mtoto mmoja akaanza kulia kwa njaa. Hakutaja.

Nilimtazama Ryan nikajaribu kumchukia. Nilijaribu kweli. Alikuwa na makamasi na soksi moja, na alikuwa amemwona Nekesa na chupa yake ya mahindi, akawa anajipinda mikononi mwa bibi yake kutaka kushuka.

"Mlete," nikasema. Nikampokea, nikampangusa pua kwa leso yangu. Mama Faith akainua mguu kuvuka kizingiti. Nikarudisha geti mpaka likamgusa kiatu. "Nimesema mtoto."

Ryan sasa anasema "bata," anasema "maji," na juzi ameniita mama, jambo ambalo nilimrekebisha, ingawa si haraka sana. Bibi yake humleta kila Jumanne, na kila Jumanne huketi kwenye jiwe nje ya geti mpaka tumalize, kwa sababu bado hajalisema lile neno. Jua likiwa kali anajifunika kichwa kwa mkoba. Barasa anasema inatosha, Kukhu anasema bado kidogo, kasisi amekoma kuja. Mimi nimempa bei yake na sijaipandisha. Chai namtolea. Kiti bado.